Mume Wangu Aliniambia Bae ni Kifupi cha Bakari

Admin, nifichie jina, maana mume wangu naye anaufuata ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mama wa watoto wawili, naishi Kihonda. Nauza mboga na matunda yanayoshuka kutoka Mgeta. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti.

Simu yake ilikuwa ikiita mara kwa mara, jina linatokea "Bae". Nikamuuliza, "Baba Swaumu, huyu Bae ndiye nani?" Akajibu bila kupepesa: "Ni Bakari, fundi mwenzangu wa Ngerengere. Tumelifupisha jina." Nikaamini. Jamani, hadi ndizi mbivu nikawa namfungia, "Mpelekee Bae, mwambie shemeji yake anamsalimia." Naye anazibeba!

Juzi kati mdogo wangu anayesoma chuo alikuja kunitembelea. Simu ikaita, mume wangu yuko bafuni, nikapaza sauti, "Baba Swaumu, Bae anapiga!" Mdogo wangu akacheka mpaka akashika mbavu. Nilipomweleza habari za Bakari, kicheko kikakatika. "Dada, bae ni mpenzi. Ni Kiingereza cha mtaani. Wapo wanaosema ni herufi za mwanzo za maneno yenye maana ya 'kabla ya mtu mwingine yeyote', ila wengi wanasema ni 'bebi' tu, limekatwa mkia."

Hilo la mkia hata sikulisikia. Kabla ya mtu mwingine yeyote? Kabla yangu mimi! Ilipoita tena nikapokea. Sauti laini ya kike: "Bae, mbona kimya?" Kumbe wanaitana hivyo wote wawili. Mimi miaka yote ya ndoa ni Mama Swaumu tu. Nikawaza anavaaje, anachekaje, ndizi zangu alizila amekaa wapi.

Alipotoka bafuni nikamwambia, "Bakari ana sauti nzuri." Akakaa chini na taulo lake. Kesho yake akaja na mjomba wake kuniomba radhi. Akaifuta ile namba mbele yetu, akaapa yamekwisha. Na kweli naona yamekwisha, siku hizi anawahi kurudi.

Sasa kinachonitesa ni hiki: tangu siku hiyo ananiita mimi bae. Asubuhi bae, mbele ya wateja bae. Wenzangu sokoni wananiambia, "Mwenzetu unapendwa!" Nami kila akiniita, naisikia ile sauti laini ikiitika kabla yangu.

Mliowahi kuvishwa jina la mwanamke mwingine, niambieni: nimkataze, au niitike tu mpaka liwe langu?