Barua Iliyokatika kwenye Salamu

Mradi wa maji ulipokufa, wafadhili waliondoka na magari na kompyuta mpya, wakatuachia ile kompyuta kuukuu ya mfumo wa Unix, nzito kama jiwe la kusagia. Wenzangu walipunguzwa kazini. Mimi nilibakizwa kulinda ofisi pale Singida mjini, na kwa kuwa laini ya simu haikuwa imekatwa bado, niliweza kutuma barua pepe. Nilijiona mtaalamu kweli. Laiti ningekuwa mjinga tu, pengine baba angemwona mwanawe.

Baba alikuwa kijijini kwetu Ihanja, hajiwezi, tumbo limevimba. Kaka yangu alikuwa anasoma ng'ambo. Mama akaja ofisini, akaniambia nimwandikie kaka arudi, baba yake anakwisha. Lakini kwanza salamu. Shangazi anakusalimu, mjomba anakusalimu, majirani wote mmoja mmoja, mvua imenyesha vizuri, mtama unaendelea. Ugonjwa tuliuweka mwisho kabisa, kama barua zetu zote zilivyo.

Wiki haikuisha kaka akajibu. Amefurahi sana kusikia kwamba sote ni wazima.

Nikajiandikia barua ndefu ya majaribio. Ilinifikia imekatika katikati. Ile programu ya zamani ilikuwa inakata kila barua iliyozidi urefu fulani, wala hainionyi.

Nilimwambia mama kaka hajajibu, labda tuandike nyingine fupi, tuanze na ugonjwa.

"Umrukie mwenzio na habari mbaya hata hujamjulia hali?" akasema. "Mimi sikukulea hivyo, mwanangu."

Ukweli sikumwambia. Niliona aibu. Nikajipa moyo kwamba nitatafuta programu nyingine ya barua, siku mbili tatu mambo yatakuwa yamekwisha, na mama hatajua kitu.

Zikawa wiki saba. Diskete ya kwanza, niliyotumiwa na rafiki aliyekuwa Dar, haikusomeka kabisa. Ya pili ilisomeka, lakini programu ilitaka mfumo mpya kuliko wangu. Karibu na stendi mtu alikuwa amefungua duka la kompyuta, maana siku hizo za soko huria kila mtu alikuwa anafungua duka. Akanicheka. "Hilo tupa, bro. Nunua jipya." Ninunue na nini? Diskete ya tatu ilikuja kwa basi, nikaihangaikia mpaka nikalia peke yangu mbele ya kioo cha kompyuta, mtu mzima na ndevu zangu.

Na siku zote hizo ningeweza kuandika maneno manne: baba anaumwa, njoo upesi. Hilo ndilo linalonitafuna mpaka leo.

Ya nne ilikubali. Barua ya mama ikaenda nzima, na salamu zake zote. Kaka akajibu kesho yake kwamba anatafuta ndege. Baba tulimzika siku mbili kabla hajafika.

Alipoingia uani, mama hakuinuka kumpokea.

"Nimekuita tangu mtama haujachanua," alimwambia mbele ya waombolezaji. "Ulikuwa unangoja nini?"

Kaka akanigeukia mimi, kwa kuwa barua zote zilipitia mikononi mwangu. Nikaokota ndoo, nikaenda kuwachotea wageni maji.