Ripoti ya Tano ya Kamanda

Kwa miaka kumi na saba Kamanda alilinda geti la ofisi ya ustawi wa jamii, na kwa miaka hiyo yote watu walimmwagia shida zao kabla hawajafika ndani. Mama aliyefukuzwa na mume, kwake. Mzee aliyepoteza vyeti, kwake. Naye, kofia kichwani na kitabu cha wageni mkononi, alikuwa na jibu moja tu: "Uliza ndani." Cheo chenyewe hakupewa na jeshi lolote. Alipewa na wauza magazeti wa pale nje kwa sababu ya saluti zake, kikamganda mpaka mkewe naye akawa anamwita hivyo.

Siku moja, akiwa na miaka arobaini na tisa, alichoka kusema "Uliza ndani". Akavuka barabara mpaka chuo cha jamii, akamkuta mshauri wa wanafunzi, dada mchangamfu aliyeichomeka kalamu kwenye nywele kisha akaitafuta meza nzima.

"Unaanza na cheti, mwaka mmoja," dada alimweleza huku akichora mishale kwenye karatasi. "Ukipenda unaendelea na stashahada, miaka miwili. Hapo ndipo unachagua: watoto, wazee, watu wenye ulemavu, wanaotaka kuacha ulevi, au familia."

"Na wale wanaofika getini wakageuka, wako kwenye mshale upi?"

Dada akacheka, akaitazama ile karatasi yake tena. "Hao wako kwenye yote, mzee wangu. Anza na familia."

Mkewe, fundi cherehani asiyemung'unya maneno, aliposikia habari hizo alisimamisha mashine. "Umri wa kutafuta miwani ndio unatafuta darasa?" Kesho yake akamshonea mfuko wa madaftari, wenye zipu mbili na jina lake mbele.

Darasani alikaa na vijana walio sawa na kitinda mimba wake, akawaburuza. Mtihani wa makuzi ya mtoto alipasua. Siku mwalimu alipochelewa, Kamanda aliwapanga wote mstari mlangoni, na cha ajabu wakapangika. Njia yake ingekuwa nyeupe kabisa, kama si zile ripoti.

Mafunzo kwa vitendo yalikuwa ya miezi mitatu kwenye kituo cha familia upande wa pili wa mji. Kila mwanafunzi alitakiwa kuhoji wateja watano na kuandika ripoti tano. Angalau moja ipite. Isipopita hata moja, unarudia mwaka. Na Kamanda hakuwa na mwaka wa kurudia, maana mwajiri wake alishasema ruhusa ni hiyo moja, baada ya hapo geti linamsubiri mpaka astaafu.

Ripoti ya kwanza ilisomeka hivi: "Mteja ameingia saa 3:10. Mwanamke, gauni la kijani. Amebeba mkoba mmoja mweusi. Ameketi. Amezungumza. Ametoka saa 3:55 na mkoba uleule." Msimamizi wake, mama mkavu ambaye kituo kizima kilimwogopa akiwemo mkuu wa kituo, aliirudisha na wino mwekundu: "Shida yake ni nini?"

Nyumbani mkewe aliisoma mara mbili. "Hapa umeandika mtu au gari?"

Ya pili ilikuwa ndugu ya ile ya kwanza. Ya tatu ilionyesha maendeleo kidogo: "Amelia, dakika nne." Ya nne aliijaza hisia kwa kufuata kitabu, mpaka msimamizi akauliza inakuwaje mtu mmoja awe na huzuni, hasira, matumaini na wasiwasi katika sentensi moja. Zote nne zikagonga mwamba. Ikabaki moja, na siku tatu.

Mteja wa tano alikuwa mpiga rangi wa majumba, mwanamume wa miaka thelathini hivi, kucha zake bado zina chokaa. Dada yake alifariki miezi tisa iliyopita, akaacha mapacha wa kike wa miaka sita, naye ndiye mlezi. Alikuja ili aandikishwe rasmi. Wakakaa kwenye chumba kidogo chenye viti viwili na feni inayolia, msimamizi akajibanza kwenye kona na daftari lake.

"Watoto wanakula vizuri, kaka?"

"Wanakula."

"Shule?"

"Wanakwenda."

"Na wewe mwenyewe unaendeleaje?"

"Safi tu. Hamna shida."

Kila swali alilokariri lilipata jibu lilelile, hamna shida, hamna shida, na kalamu yake ilikuwa haijagusa karatasi. Alimwona msimamizi akiangalia saa. Maswali ya kitabuni yalipomwishia, macho yake yakafanya kazi yaliyoizoea. Yakamkagua mgeni: viatu, mikono, mifuko. Kwenye mfuko wa shati, pale ambapo mafundi wengine huweka penseli, kulikuwa na kitana cha waridi na vibanio viwili vya nywele.

"Hicho kitana ni cha nini, kaka?"

Yule bwana akakifunika haraka kwa kiganja. Akatazama feni. Kisha akacheka kicheko kibovu kilichokatika katikati.

"Najifunza wakati wa mapumziko. Kwenye brashi ya rangi. Mimi napaka ghorofa nne, mzee. Nasimama juu ya ngazi bila kutetemeka. Lakini kichwa cha mtoto wa miaka sita kinanishinda. Kila asubuhi wanakaa mbele yangu, nachana, wanalia, naacha. Wanakwenda shule na kofia. Wenzao wanawacheka. Mama yao alikuwa anawasuka mwenyewe. Mimi hata kugawa nywele njia sijui."

Kamanda alitaka sana kusema kitu. Alikuwa na mabinti watatu na hakuwahi kumsuka hata mmoja, na aibu hiyo ilimpata palepale, ghafla. Lakini akasogeza kiti karibu, akamwacha mwenzake aongee mpaka akamaliza. Aliongea muda mrefu.

Jioni aliandika kurasa mbili bila kunyanyua kichwa. Fomu ilikuwa na orodha ya mahitaji ya mteja: chakula, makazi, matibabu, ada, mengineyo. Kamanda alipiga mstari kwenye manne ya kwanza. Kwenye "mengineyo" akaandika: "Kufundishwa kusuka."

Msimamizi aliisoma akiwa amesimama. Alipofika pale chini akakaa.

"Na hili nani atalishughulikia?"

"Sijui, madam. Lakini ndiyo shida yake."

Mama akaifunga kalamu nyekundu. "Mwambie aje Jumamosi na watoto. Mimi nimesuka wadogo zangu saba. Lakini sikupi alama kabla sijaona."

Jumamosi wakakutana kwenye kibaraza cha kituo. Mapacha wakakaa kwenye mkeka wakiwa na kofia zao, wamenuna. Msimamizi, yule mama mkavu, akakunja mikono ya blauzi, akachukua mafuta na kitana, akasuka njia moja polepole, kisha akamkabidhi mjomba. Mikono ya mpiga rangi ilitetemeka. Alisuka, akafumua, akasuka tena, ulimi nje. Hakuna aliyelia. Baada ya saa nzima pacha wa kwanza alikuwa na njia nne kamili.

Pacha wa pili akamzunguka mwenzake, akamkagua bila huruma. "Mjomba, imepinda."

Mwenzake akapapasa kichwa kwa vidole, taratibu, kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni. "Ya mama nayo ilikuwa inapinda," akasema. "Hapahapa."

Mpiga rangi akainama, akauficha uso nyuma ya kile kichwa kidogo, mabega yakimcheza. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na hakujali anayemwona. Pacha wa pili naye akavua kofia, akadai zamu yake, na ya kwake ipinde vilevile.

Msimamizi alimwita Kamanda mara mbili alete faili. Kamanda hakusikia. Alikuwa amepiga magoti mkekani, akimshikia mtoto kioo. Basi mama akaenda ndani kulichukua mwenyewe, akaliweka gotini, na mikono ikiwa bado ina mafuta akaandika: "Amefaulu."