Loshoro ya Mama Mtandaoni

Mama yangu hakuweza kuanza kupika mbele ya kamera kabla hajasalimia. Nimeshika simu jikoni kwetu Lemara, yeye anauliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, halafu ananyamaza kidogo ili watu wapate kuitikia. Ndipo anafunua sufuria. Namwambia, "Mama, watu wa mtandaoni hawana subira, watapita." Ananitolea macho. "Niingie kwa watu kimya kimya, mimi mwizi?" Na kweli walikuwa wanapita. Watazamaji wetu wangetosha kujaza sebule tu.

Safari ya mwisho sikumharakisha. Daktari alishatuambia koo litafanyiwa upasuaji na sauti haitarudi. Tukarekodi loshoro, mahindi yaliyokobolewa na mtindi wake, naye akieleza kila hatua kwa Kiswahili chake chenye Kimeru ndani. Nilitaka watu waisikie sauti ile. Nilitaka mno, hadi nikaiombea video kanisani, mtu mzima mimi.

Siku niliyoiweka mtandaoni ndiyo siku staa mmoja kutoka Dar alipopita Arusha. Akapewa loshoro hotelini, akajirekodi akionja kijiko kimoja, akakunja uso, akacheka, akairusha mtandaoni. Lo! Mji mzima ukahamia huko. Hata jirani yetu, aliyekula loshoro ya mama tangu hajaota meno, akanitumia video ya staa: "Umeiona hii?" Niliumia, sidanganyi. Nilimtukana yule staa kimoyomoyo kwa lugha zote ninazozijua. Mwenye nacho huongezewa, basi tena.

Mama akafanyiwa upasuaji. Siku chache baadaye, nikiwa kazini Sokon One, nikaona namba ya watazamaji kwenye video yetu inapanda. Mchana ikapanda tena. Nikamwambia mwenzangu dukani, "Jamani, wameanza kumwona!" Nikaomba ruhusa, nikachukua boda mbio hadi hospitali kumpelekea mgonjwa habari njema.

Nilimkuta ameketi kitandani, shingo imefungwa bandeji, simu ya mama mdogo ameibana sikioni. Mama mdogo akaninong'oneza, "Tangu jana hataki kunirudishia. Video yenu ikiisha, anaianza upya."

Wale watazamaji wapya wote walikuwa yeye. Mama akanisogezea nafasi kitandani, akaiweka simu katikati yetu, tukamsikiliza mama.