Fundi Yaqoob autafuta mlango wake ndani ya Baraza

Saa tatu na robo asubuhi, Alhamisi, wageni kumi na wanane wamesimama chini ya kuba la jengo la Baraza jijini Maskati, upande wa Bustan, shingo zimepinda na macho yameelekea juu. Taa inayoning'inia hapo ni kubwa kuliko sebule za wengi wao. Simu zimetolewa, picha zinapigwa.

Mtu mmoja tu hatazami juu. Yaqoob Humaid, fundi wa vitasa mwenye umri wa miaka 58, ameinama kando ya mlango, anakagua bawaba.

"Watu wanatazama pambo, weye unatazama misumari," mkewe, Kheiria, anamnong'oneza. "Hebu simama wima, bwana. Watadhani umekuja kuiba."

Yaqoob anasimama, lakini hatulii. Anakiweka sawa kilemba chake ambacho hakina kasoro yoyote. Nouf, binti anayewatembeza wageni, anaeleza marumaru ilivyochaguliwa, naye Yaqoob ameshafika mlango wa pili. Anaugusa, anatikisa kichwa, anahamia wa tatu.

Anautafuta mlango aliouchonga kwa mikono yake kwa ajili ya jengo hili miaka kumi na mitatu iliyopita. Hajui kama upo au ulitupwa. Na Jumapili anatakiwa kutoa jibu: kituo kimoja cha ufundi kinamtaka afundishe vijana kumi kuchonga milango. Mlango ukiwapo, atakubali. Usipokuwapo, ataendelea na vitasa vyake mpaka mikono imchoke.

Yaqoob alizaliwa Unguja, akaja Maskati na wazazi wake akiwa na miaka saba. Alipotimiza kumi na tisa alirudi Unguja kwa mjomba wake, akakaa miaka mitatu kujifunza kuchonga. "Mwaka wa kwanza sikushika patasi," anakumbuka. "Nilikuwa nnapiga msasa tu, mpaka vidole vikawa havina alama."

Baadaye alichonga Maskati kwa zaidi ya miaka ishirini. Leo hachongi. Anazunguka na gari lake dogo katika mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, anabadilisha vitasa na kunyanyua milango inayoburura sakafu, nyumba tatu au nne kwa siku. Kwa nini aliacha? Kila anayemuuliza hujibiwa kwamba vumbi la mbao lilimharibu kifua. Kheiria naye alijibiwa hivyo hivyo.

Kundi linaelekea ukumbi wa mikutano. Yaqoob anakata kushoto, peke yake.

"Ammi! Njia ya wageni ni huku," anaita mlinzi kijana, Ghaith, kwa Kiarabu. Anamfikia na kumkuta akijisemea kwa Kiswahili, na papo hapo anabadili lugha. Mama yake, anasema, ni mzaliwa wa Tabora. "Umepotea?"

"Sijapotea, mwanangu. Nnatafuta mlango. Wa msaji, una nakshi ya mnyororo pembeni, na mfaa wa katikati wenye mayungiyungi saba."

Ghaith anacheka. "Ule wa kushoto?"

"Wa kushoto kivipi?"

"Milango mingine humu unasukuma ubao wa kulia. Ule mmoja tu unasukuma wa kushoto. Mfanyakazi mpya tunamjua hapo, anasukuma kulia mpaka anatoka jasho."

Yaqoob anashika ukuta. Kheiria, aliyemfuata nyuma ili amkemee, anadhani ni kile kifua.

Ghaith anamwita Nouf, naye anakubali kuwapa dakika tano. Wanafuata ukumbi mwembamba usiopitiwa na wageni, karibu na chumba cha kusalia cha wafanyakazi. Mlango upo. Ubao wa kushoto unang'aa kwa viganja vya miaka yote hiyo, wa kulia umefifia.

Hapo ndipo Yaqoob anaposema aliyoyaficha. Mfaa ni ule mti wa katikati unaoziba ufa baina ya mbao mbili za mlango. Hupigiliwa kwenye ubao wa kushoto, ili wa kulia utangulie kufunguka. Yeye aliupima mlango ukiwa umelazwa kifudifudi karakanani, akatia alama ya mfaa kwa nyuma. Ulipogeuzwa, kushoto kukawa kulia.

"Siku arobaini za kuchonga, nikaja kukosea kitu anachokijua mwanafunzi," anasema. "Msimamizi alinipigia simu, akanambia mlango wako tunautupa. Niliona haya, wallahi. Sikurudi hata kuchukua patasi zangu."

Kheiria anasogea mbele yake.

"Na kifua?"

"Kifua kizima."

"Miaka kumi na mitatu nnakuchemshia tangawizi, Yaqoob! Miaka kumi na mitatu!"

Ghaith anageukia dirishani kuficha kicheko. Yaqoob hacheki. Machozi yanamtoka waziwazi, na mkono wake hautoki kwenye yale mayungiyungi. Anafurahi na anaumia kwa pamoja, anasema, kwa sababu mlango aliouzika moyoni ulikuwa hapa siku zote, ukifunguliwa na kufungwa.

Kisha ufundi unampanda. "Nipe bisbisi na nusu saa. Nitauhamisha mfaa huu sasa hivi."

"Hapana, ammi," Ghaith anamwambia kwa upole. "Wageni hawaruhusiwi. Halafu sisi tumeshauzoea."

Saa tano kasoro robo, katika maegesho ya magari, Yaqoob anakipigia simu kituo. Hangoji Jumapili. Anaomba patasi kumi na boksi la chaki. Somo la kwanza halitakuwa la kuchonga: kila kijana ataandika "mbele" kwenye ubao wake kabla ya kuulaza. Kwa Nouf ameshaomba ruhusa ya kuwaleta wote kumi, wajionee kosa la mwalimu wao kwa macho.

Nyumbani kwao kuna mlango wa kiwandani, mweupe, hauna hata ua moja. Kheiria anataka uondoke kabla ya mwaka kwisha.

"Anichongee wangu," anasema, akifunga mkanda wa gari. "Na asipigilie huo mfaa mpaka mie niwe nimesimama mbele yake."