Honi kwenye Kona ya Isongole

Wiki hii nilipanda bodaboda kutoka Isongole kwenda Tukuyu, mchana kweupe, gunia la viazi limefungwa nyuma yangu. Tulipokaribia kona moja dereva akapiga honi. Mbele yetu honi nyingine ikajibu. Akasogea kushoto kabisa, akasimama.

Zamani kilima kiliziba kona hiyo. Hukuona gari mpaka liwe usoni pako, ndiyo maana kila dereva alipiga honi. Ikijibiwa, tulisema ni mwangwi wa kilima. Mwaka huu wahandisi wamekichonga chote ili dereva aone mbali kabla ya kufika.

Nikatazama. Barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye mashamba ya viazi.

"Unamsubiri nani?" nikauliza.

"Nampisha, mzee." Akainamisha kichwa kidogo, kama anayesalimia. "Mwenzangu mmoja hakumpisha."

Mimi ndiye niliyepiga kelele humu kwenye safu hii ya gazeti kwamba kilima kile kiondolewe, tuone kinachokuja. Basi kimeondolewa. Juzi nilipita hapo na gari langu, nikaona mbali sana, na hapakuwa na mtu. Nikapiga honi. Nilipojibiwa, nikasogea kando, nikazima injini.