Badibanga na Risasi Isiyokuwapo

Habari ya kifo cha kaka yangu ilinifikia Pangi, asubuhi, nikipepeta mchele nyuma ya nyumba ya masista. Florentin, dereva wa lori la misheni, alikuja akiwa amevua kofia. Alinisalimia, akauliza habari za wanafunzi wangu, akauliza na habari za mguu wangu, kisha akasema kuna ujumbe kutoka Kindu uliopita kwenye fonia, redio ya upepo ya mapadri.

"Unasema nini?"

"Mama Bitota, unasema hivi: bastola iko salama."

Nikamtazama. "Ni hivyo tu?"

"Hapana. Bastola iko salama, iko kwa Okito. Halafu, Badibanga amekufa."

Niliketi chini, juu ya mchele. Okito alikuwa rais wa klabu ya kulenga shabaha ya wafanyakazi wa reli, na ujumbe ule aliutunga yeye. Nilipomlaumu baadaye kwa kuitanguliza bastola, alinijibu kwa upole, "Dada, yeye mwenyewe angeuliza bastola kwanza." Ni kweli angeuliza.

Alikufa kwa moyo, ameketi kwenye meza yake ya kazi, kitambaa mkononi, bastola imefunguliwa vipande vipande mbele yake. Lakini polisi wakiona maiti na bastola pamoja hawaridhiki haraka. Polisi mmoja alimgeuza kaka yangu huku na huku akitafuta tundu. Mauwa, mke wa marehemu, alimvumilia kwa muda, kisha akamwambia, "Baba, tafuta mpaka kesho. Ile chuma haijapiga kitu tangu vita ya Shaba."

Ninaandika haya ili watoto wa ukoo wetu wajue alikuwa mtu gani.

Baba yetu, Mluba, alitoka Kasai akifuata kazi ya reli, akatuleta Kindu tukiwa wadogo. Badibanga alikua ndani ya karakana, akawa fundi wa vyuma. Alimwoa Mauwa, mzaliwa wa mtaa wa Kasuku, na kila Jumapili aliongoza sala za jumuiya yetu. Hakunywa pombe na hakusema uongo, hata ule mdogo wa kuwafurahisha wageni, na kwa sababu hiyo watu wengi hawakumwalika.

Klabu ilianzishwa na Wazungu wa reli. Walipoondoka waliacha bastola mbili za mashindano. Kaka yangu alizitunza zote mbili mpaka moja ikaisha, kwa maana kila kilipovunjika kitu katika hii alikitoa katika ile. Mchezo wao haukuwa wa kusimama kama sanamu. Unafunga bastola kiunoni, filimbi ya treni inalia, unaichomoa na kukimbia: unalenga shabaha za karatasi ukiwa nyuma ya mapipa, unalenga tena kupitia mlango wa behewa kuukuu, unapiga goti, unamalizia. Mkuu wa stesheni alipima muda kwa saa yake. Mwenye mbio na shabaha nzuri ndiye aliyeshinda.

Baada ya vita ya Shaba, waasi walipouvamia mkoa ule wa kusini, amri ilitoka kwamba raia wasiwe na risasi. Askari walikuja na gari, wakazihesabu risasi za klabu, wakazichukua zote. Bastola waliiacha, kwa sababu karatasi yao ilisema risasi tu.

Wiki ile ile Mauwa alikuwa anafua koti la kazi la mumewe, akakuta risasi moja mfukoni. Badibanga aliipeleka kambini mara moja. Afisa aliyempokea hakutaka kuigusa.

"Sisi tumekwisha kuandika kwamba tumechukua zote," alisema. "Nikipokea hii, ina maana tuliandika uongo."

"Basi niitupe mtoni?"

"Ukitupa risasi ya jeshi mtoni, nitakufunga."

"Ni ya jeshi?"

"Haiko. Rudi nyumbani."

Akarudi nayo. Tangu siku ile kaka yangu alikuwa mlinzi wa kitu kisichokuwapo. Aliifunga kwa pamba ndani ya kikopo cha kwinini, na kila Pasaka aliibadilishia pamba.

Klabu haikufa. Waliamua kushindana bila risasi. Bastola ikifyatuliwa tupu husema "tik" tu, kwa hiyo walihitaji njia ya kujua nani amepiga na nani amekosa. Kaka yangu ndiye aliyeipata. Unalisimamisha ganda tupu la risasi juu ya ncha ya mtutu, kisha unafyatua. Ganda likibaki limesimama, mkono wako haukutikisika: umepiga. Likianguka, umekosa. Yeye alisimama nyuma ya bega la mshindani, akitazama bastola inaelekea wapi, na ganda likisimama alikwenda mpaka kwenye shabaha na kutoboa tundu kwa msumari mahali pale pale. Hakuna aliyebisha. Walijua hawezi kutoboa mahali ambapo hakupaona.

Shida ilikuwa mbio. Ganda haliwezi kukimbia na mtu. Basi Okito alikimbia kando ya mshindani akilishika, akafika naye nyuma ya pipa, akaliweka juu ya mtutu kwa vidole viwili, kama mama anayemtia mtoto dawa ya jicho, wakashusha pumzi wote wawili, "tik," kisha wakakimbia tena. Akina mama waliotoka sokoni walitua vikapu vyao kutazama. Okito alikimbia na kila mshindani, na kwa hiyo jioni yeye ndiye aliyechoka kuliko wote bila kushinda kitu.

Mwaka mmoja alikuja kushindana Kalume, katibu wa Chama, kile kimoja kilichotawala nchi, katika mtaa wetu, amevaa abakosti, koti la Chama lisilo na tai, lililopigwa pasi mpaka mikono haikunjiki. Wakati ule hatukuitana bwana. Kila mtu alikuwa citoyen, yaani mwananchi. Kalume alikimbia, akapiga goti, akafyatua kwenye vituo vyote, na kwenye vituo vyote ganda lilianguka.

"Nimepiga ngapi?" aliuliza, akihema.

"Hakuna, citoyen," alisema Badibanga.

"Ni upepo."

"Basi upepo njo umeshinda. Tuupe kikombe?"

Watu walicheka, kisha wakakumbuka ni nani anayechekwa, wakayageukia mapipa.

"Badibanga," Kalume alisema polepole, "unajua mimi ninasimama hapa kwa niaba ya nani?"

"Ninajua. Lakini Chama hakikushika bastola. Mkono ni wako."

Mauwa alinisimulia kwamba pale alianza kuhesabu vyombo vya nyumba moyoni, ajue wafunge vipi wakifukuzwa. Kalume aliinama, akaliokota ganda, akalipuliza vumbi. "Hii Mluba ni mugumu sawa musumari," alisema, na mwaka uliofuata alirudi. Ganda likaanguka tena.

Sasa nifike kwenye jambo lililomsumbua kaka yangu mpaka mwisho. Bastola ile haikutengenezwa kufyatuliwa tupu miaka na miaka. Siku moja sindano yake ya ndani, ile inayogonga fataki iliyo kwenye kitako cha risasi, ilivunjika. Ya bastola ya pili ilikwisha kutumika zamani. Badibanga alichukua kipande cha chuma kigumu cha injini iliyokufa, akakichonga kwa tupa Kwaresima nzima. Alikipima kwa jicho, kwa ukucha, kwa ulimi. Sindano ikiwa fupi haifiki kwenye fataki. Ikiwa ndefu inaitoboa, na moto unamrudia mpigaji usoni. Alipoirudisha mahali pake bastola ilisema "tik" kama zamani, na wote wakampongeza.

Yeye hakufurahi. "Tik" ingesikika hata kama sindano ni mbaya. Kitu kimoja tu duniani kingeweza kumwambia ukweli, nacho kilikuwa ndani ya kikopo cha kwinini.

Alikwenda kwa Kalume kuomba ruhusa.

"Citoyen, ninaomba kupiga risasi moja, porini, mara moja tu."

"Risasi gani?"

"Ile yangu. Ninayo hapa mfukoni."

"Usiitoe. Ukiitoa, nitakuwa nimeiona, na itakuwa iko. Sasa hivi haiko, na wewe hauko kifungoni. Si ni vizuri hivyo?"

Badibanga aliutoa mkono mfukoni ukiwa mtupu, akashukuru, akarudi kazini. Aliomba tena mwaka uliofuata, na uliofuata. Kupiga bila ruhusa hakukubali, kwa sababu wangemuuliza, naye angejibu.

Nilipomtembelea mara ya mwisho alikuwa anaipaka mafuta. Aliniambia, "Bitota, ninatunza kitu ambacho sijui kama kiko hai."

"Hata roho zetu tunazitunza hivyo hivyo," nilimwambia.

"Roho Mungu anaiona. Sindano hii nani ataiona?"

Nilifika Kindu na lori la Florentin nikakuta jeneza limekwisha kufungwa. Maseremala wa karakana walikuwa wamelitengeneza kwa mbao za behewa la daraja la tatu. Kwenye ubao wa kifuniko kulikuwa na maandishi ya Kifaransa yanayowakataza abiria kutoa kichwa nje. Waliona aibu, wakaugeuza upande wa ndani. Mauwa alilia sana, lakini kwa hilo alicheka, kisha akalia tena.

Wanaklabu walitaka kumpa heshima ya bastola kaburini. Mmoja alisema "tik" inatosha. Mauwa aliinuka kwenye mkeka, akaingia chumbani, akatoka na kikopo cha kwinini.

"Mtapiga hii," alisema.

Okito alimfuata Kalume, aliyekuwa ameketi matangani na wanaume wengine, akamnong'oneza. Kalume alifikiri mpaka kahawa yake ikapoa.

"Ile risasi haiko," alisema mwishowe. "Na kitu ambacho hakiko, mimi siwezi kukikataza."

Makaburini padri alimwita kaka yangu Désiré, jina lake la ubatizo, ambalo serikali ilikuwa imelifuta kwenye karatasi zote pamoja na majina mengine ya Kizungu. Sala ilipokwisha, Okito aliiweka risasi ndani ya bastola. Mwanaklabu mmoja akakumbusha sheria ya ganda, wakabishana kidogo kando ya kaburi, wakaweka ganda tupu juu ya mtutu. Okito alielekeza bastola porini, mkono umenyooka, ganda limesimama. Mauwa alinishika kidole.

"Isipolia, nitamwambia nini?" alisema.

Ililia. Hatukuwa tumesikia mlio ule kwa miaka mingi. Waombolezaji wote walilala chini. Kalume alitangulia, kifudifudi kwenye udongo wa kaburi, na abakosti yake. Padri alichutama nyuma ya msalaba wa kaburi la jirani. Okito peke yake alibaki amesimama, uso wake mzima, akiitazama bastola kama imemsalimia kwa jina.

Mauwa alipiga magoti akatafuta majanini mpaka akapata ganda la risasi ile, lililorushwa na bastola, bado lina moto. Tuliliangalia wote watatu. Kwenye fataki kulikuwa na shimo dogo la mviringo, katikati kabisa, wala fataki haikutoboka.

"Ni nzuri," Okito alisema.

Askari wawili walifika kwa baiskeli wakiuliza nani amepiga risasi. Kalume, akijipangusa udongo, aliwajibu kwamba Kindu hakuna risasi ya raia, wakaangalie karatasi zao. Waliondoka.

Kisha tulimzika. Wanaume wanne walilishusha jeneza kwa kamba za karakana. Mauwa alilitupia lile ganda, likagonga ubao. Kila mmoja wetu alitia udongo kwa mkono, wanaume wakamalizia kwa sepetu. Tulisali rozari, msalaba ukasimikwa, padri akabariki. Tulirudi nyumbani kwa miguu, tukanawa mikono kwenye beseni lililowekwa mlangoni, tukaingia ndani.