Mtandao wa Nyumba Moja

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Niliacha shule darasa la nne, nikabeba magunia ya kahawa mjini Omurushaka mpaka mabega yakaota sugu. Leo duka la jumla pale barabarani ni langu, magari mawili ni yangu, na wenye digrii wananiita bosi wakija kukopa saruji. Sikurithi hata jembe. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba kijijini kwa mama yangu, Nyakatuntu, mtandao haufiki, nilicheka. Kitu gani hakinunuliki?

Sababu ya kuutaka haikuwa ya kucheka. Mama ana presha, anaishi peke yake, na haondoki kwenye kibanja, shamba la migomba alimozikwa baba. Masika yaliyopita alianguka kwenye migomba, akalala pale na simu kiganjani tangu asubuhi mpaka jirani alipopita jioni. Simu ilikuwa imenasa mtandao wa nchi ya ng'ambo ya mto, na kwa bei za kule salio lake halikutosha hata kuita. Mimi habari niliipata kesho yake, kwa mdomo wa kondakta wa basi. Mimi mwenye simu tatu.

Nikaenda kwenye ofisi ya kampuni ya simu. Kijana mwenye tai akanieleza kwa adabu kwamba wao hugawa wateja kwa mifuko yao: mjini wananunua vifurushi vya mwezi, kijijini vocha ya mia tano, na mnara hauendeshwi kwa mia tano. Nikamwambia biashara hiyo nimfundishe mimi. Dukani kwangu mwalimu ananunua sukari kilo, kibarua ananunua kifuko cha mia mbili, na vifuko ndivyo vilivyonijengea nyumba. Akatabasamu, akaandika namba yangu. Hakupiga.

Basi nikajifanyia mwenyewe. Fundi mmoja aliniletea kutoka ng'ambo ya mpaka mashine ya kuvuta mtandao, tukaifunga kwenye paa la nyumba ya mama, antena juu ya mti wa mkaratusi, sola kwenye bati. Mama akanipigia nikiwa dukani, nikaweka sauti ya juu wateja wasikie. Akasema ananisikia kama niko jikoni kwake. Sikujificha. Kila aliyeingia nilimwambia kwamba walioshindwa wameshindwa, mimi nimeweza.

Mwezi haukuisha, mama akapiga tena kusema kuna wageni uani wanaelekeza vyuma kwenye paa lake. Nikaendesha gari mpaka kule nikiwa na maneno tayari. Walikuwa watu wa serikali wanaosimamia masafa, hiyo njia ya hewani ambamo simu zote hupita. Mkubwa wao alikuwa dada mmoja mwenye matope mpaka magotini. Majirani walishajaa. Nikamuuliza tangu lini hewa ina mwenyewe.

Hakukasirika. Alisema masafa ni kama bwawa la kunyweshea ng'ombe: ni la wote, ndiyo maana lina utaratibu. Mashine yangu, alisema, imeingia katikati na kuyatibua maji. Inapiga kelele usiku na mchana, na mnara wa mbali, ambao watu wa bonde zima walikuwa wakiunasa kwa shida wakipanda kilimani, hausikii simu nyingine.

Pale nyuma alisimama mzee jirani yetu, yule yule aliyemwokota mama kwenye migomba. Mdogo wake alikuwa amefariki kijiji cha Kiruruma katikati ya mwezi ule. Ndugu walimpigia siku nzima, hawakumpata, wakazika. Kwetu ndugu asiyetupia udongo kaburini hubaki na kitu moyoni hakimtoki.

"Kumbe," akasema taratibu. "Nilikaa kilimani na simu mkononi nikisubiri bei ya kahawa, na ndugu yangu anafukiwa."

Mama akanigeukia. "Panda ukaizime," akasema. "Wewe, si fundi."

Nikapanda. Mashine waliichukua, wakaniandikia faini. Nikamuuliza yule dada kama basi mama yangu afe kimya. Akanieleza kwamba masafa ya chini yanakwenda mbali na kuvuka vilima vizuri, na kampuni iliyopewa masafa hayo ilipewa kwa sharti la kufikisha huduma hata kwa wasio na faida. Nyakatuntu ilikuwa kwenye mpango. Kilichokosekana ni kilima chenye njia ya gari, na mwenye kilima akubali.

Kilima kinachofaa kilikuwa malisho ya yule mzee.

Nilikwenda kwake jioni ile na dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikatoa shikamoo. Akaitikia. Dumu hakuligusa.

"Umeniletea mashine nyingine?"

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, na kuomba kilima. Kama angekataa, mama angebaki na simu isiyoita, na kosa ni langu. Akasema kwanza nimpeleke Kiruruma.

Tukaenda kesho yake. Kaburi lilikuwa limeanza kuota majani. Alivua kofia, akapiga goti kwa shida, akachota udongo wa pembeni, akaumwaga polepole, akasema kwa lugha yetu ya Kinyambo maneno ambayo hayakuwa yangu kuyasikiliza. Nikasogea mpaka kwenye gari.

Tulipokaribia nyumbani akanigeukia.

"Kilima nitawapa. Si kwa ajili yako. Mke wangu alipofariki, mama yako alininyonyeshea mtoto. Ila njia utaichonga wewe."

Niliichonga. Kampuni ikasimamisha mnara kabla ya vuli, na bonde zima likaanza kulia simu, zaidi za kitochi, za vocha ya mia tano. Mama hunibipu kila asubuhi, na mimi humpigia.

Mashine waliyoichukua, faini, na greda pamoja na mafuta yake, vilinigharimu shilingi milioni tisa, laki nne na elfu sitini na tano. Kilima peke yake sikukinunua.